Kioo cha Manjano

Wahariri wa kitabu chetu wameniomba nieleze kazi ninayoifanya bandani tangu nilipostaafu udereva wa basi, kwani wengi mmeviona vioo vya rangi nilivyovitundika dirishani hapa Portsmouth, na wengine mmeniuliza kama mtu anaweza kujifunza kazi hii ukubwani. Anaweza. Mimi nilianza nikiwa na miaka 66.

Sababu yangu mtaielewa. Chumba cha marehemu mama, kule Unguja, kilikuwa na dirisha lenye nusu duara ya vioo vya rangi juu yake, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na kama vile vinavyoonekana hadi leo katika dispensari ya zamani aliyoanza kuijenga Tharia Topan mwaka 1887, pale mbele ya bandari. Jua la alasiri likipita, rangi zilitandazika juu ya mkeka. Tulipoondoka mwaka 1964 nilikuwa na miaka tisa. Picha ya chumba kile hatuna. Nikaona, kabla macho hayajanichokea, nilitengeneze dirisha lile kwa mikono yangu.

Nikaenda masomo ya jioni kwa wiki kumi. Madirisha ya kale ya makanisa ya huku yameunganishwa kwa vijiti vya risasi vyenye mifereji. Sisi tulifundishwa njia ya utepe wa shaba, iliyopata sifa kwa taa za Louis Comfort Tiffany wa New York, kwani ni nyepesi kwa kazi ndogo za nyumbani.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachora kiolezo kwenye karatasi na kukitia kila kipande nambari yake. Kisha unachukua kalamu ya kukatia kioo, ile yenye kigurudumu kidogo nchani, unaitia mafuta kidogo, na unapiga mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Usirudie juu ya mstari uleule. Utaharibu kioo na kalamu pia. Tega sikio: mstari mzuri hulia kama kitambaa kinachochanwa. Ukishapiga, shika kioo pande mbili za mstari, ukivunje kwa mkono mmoja mtulivu. Kioo hupenda mstari ulionyooka. Pinda la kuingia ndani ndilo gumu, kwa hiyo anayeanza na achore miraba minne tu. Kingo husuguliwa kwa jiwe lenye maji, zikaoshwa na kukaushwa, zikazungushiwa utepe wa shaba wenye gundi, zikapakwa dawa ya kulehemia. Mwisho unaviunga vipande kwa lehemu; ile niitumiayo mimi ni bati 60 na risasi 40 katika mia.

Hapa naomba nisikilizwe. Risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto. Kazi hii isifanywe jikoni. Fungua dirisha, vaa miwani na viatu, nawa mikono kabla ya kula, na wajukuu wakae nje. Meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji, isipulizwe.

Kiolezo kilipokuwa tayari nilimpigia simu dada yangu, Muscat, nimsomee rangi. Katikati nyekundu, kisha kijani, kisha buluu, na kipande cha mwisho mkono wa kushoto, kioo cheupe.

“Cheupe?” akasema. “Dirisha la mama halikuwa na cheupe. Kile kilikuwa cha manjano.”

Tulibishana wiki mbili. Mwishowe, kwa heshima yake, nikanunua kioo cha manjano. Kikanivunjikia mara tatu, na ile mara ya tatu vigae vilipomwagika sakafuni, nikakaa kitako. Sikuwa nimesahau, nilikuwa sitaki kukumbuka.

Kioo cha manjano nilikivunja mimi, nikiwa na miaka saba, kwa chungwa bichi, nikicheza chumbani nilipokatazwa. Baba hakupata cha rangi ile, akatia cheupe. Aliyeulizwa ni dada, kwa kuwa ndiye aliyeachiwa kunitazama. Alinyamaza, akachapwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nasikia kila fimbo.

Nikampigia tena. “Dada, kile kioo nilikivunja mimi.”

Alikaa kimya hata nikadhani simu imekatika. “Mdogo wangu, unadhani nilikuwa sijui? Nilikuwa ukumbini, nilikuona ukitupa chungwa.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa mdogo. Kata tena, ila usifanye haraka.”

Kipande cha nne kilitoka sawasawa. Dirisha lina vipande 11. Lehemu imejaa sana mahali pawili, na anayeijua kazi ataona. Ramadhani iliyopita nilikwenda nalo Muscat ndani ya sanduku, limefungwa katikati ya kanga, na sasa limetundikwa chumbani kwa dada upande wa magharibi. Siku ya kwanza alihamisha msala wake, alasiri ile rangi zimwangukie. Hakusema neno, nami sikumwambia kitu.

Mwenye kutaka kuanza, aje kwangu Jumamosi yoyote baada ya adhuhuri, aje na miwani yake ya kusomea. Kalamu ya pili ipo, na vipande vya manjano vilivyovunjika vipo vingi vya kujifunzia.