Mchagua Jembe

Wazee wetu walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kila nisikiapo vijana wakibishana kuhusu mhusika aliye bora katika michezo ya kompyuta, methali hiyo hunijia. Hata hivyo, ndugu msomaji, nimeishi muda wa kutosha kuona kwamba jembe alichaguapo mtu huweza kutoboa siri yake. Mimi siri yangu ilitobolewa na mchezo.

Mchezo wenyewe ni Diablo II, uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2000. Mchezaji huingia katika nchi ya kubuniwa iliyovamiwa na mashetani, na kabla ya kupiga hatua ya kwanza hutakiwa kuchagua atakuwa nani. Hapo mwanzo walikuwapo watu watano. Wawili wakaongezwa mwaka 2001. Majina yao ni ya Kiingereza, lakini mimi na mdogo wangu tuliwapa majina yetu. Yule mwenye misuli na shoka tulimwita Mbabe. Mwanamke wa upinde na mikuki tulimwita Mwindaji, na mwenzake wa moto, barafu na radi tukamwita Bibi Radi. Wa nne alivaa deraya na kubeba ngao. Huyo alikuwa Askari wa Dini. Wa tano, mwembamba, mweupe kama aliyeugua muda mrefu, tulimwita Mfufua Wafu.

Uchaguzi huo haukuwa jambo dogo. Kila mhusika apandapo daraja hupewa alama tano za kuujenga mwili wake na alama moja ya ujuzi. Katika miaka hiyo, alama ukishaiweka huwezi kuiondoa. Ukikosea, utaishi na kosa lako au uanze upya na mtu mwingine.

Mwaka 2002 nilikuwa fundi kijana katika karakana ya kutengeneza kompyuta mjini Dar es Salaam. Mwenye karakana alituruhusu kutumia mashine baada ya kufunga. Mdogo wangu alikuwa na kibanda cha vipuri Kariakoo, na jioni alinifuata na chipsi kwenye mfuko. Tuliunganisha kompyuta mbili kwa waya, tukacheza pamoja mpaka karibu na basi la mwisho.

Nilianza na Mbabe, kama waanzavyo wengi. Nilitaka kuwa mtu wa kuogopwa. Lakini Mbabe hupigana ana kwa ana, na mimi nilikufa usiku baada ya usiku. Katika mchezo ule ukifa hurudi kambini mikono mitupu, kisha huna budi kuifuata maiti yako kule kule kwa maadui ili uchukue silaha zako. Nikachoka kujiokota. Nikamhamia Mfufua Wafu.

Naam, huyo alinifaa! Adui akianguka, Mfufua huuinua mzoga ukawa mifupa inayotembea, nayo humtangulia vitani. Yeye husimama nyuma, akiwalaani maadui ili silaha ziwaingie zaidi. Jeshi likipungua, huinua jingine. Nilipita mapango yaliyonishinda nikiwa Mbabe, na damu yangu haikumwagika.

Jumamosi moja nilileta kompyuta nyumbani kuijaribu. Mama akasimama nyuma yangu akitazama mifupa ikikimbia huku na huku.

"Mwanangu," akasema, "kati ya watu wote hao, umeona umchague mchawi?"

"Ni mchezo tu, Mama."

"Najua ni mchezo. Ndiyo maana nauliza. Katika mchezo mtu halazimishwi."

Mdogo wangu hakuhitaji hata dakika moja kuchagua. Alimchukua Askari wa Dini. Mhusika huyo huzungukwa na baraka inayowafikia wenzake: ipo ya sala, inayowaponya walio karibu, na ipo inayowaongezea nguvu ya kupiga. Hata mifupa yangu ilipata sehemu yake. Basi yeye alitangulia, mifupa ikafuata, nami nikaja mwisho.

Usiku mmoja tulikwama katika njia nyembamba. Mdogo wangu alizingirwa mlangoni, na mifupa yangu ikasongamana nyuma yake isiweze kupita. Dawa zake zilikwisha. Mimi nilikuwa nazo tele, lakini kumfikia kulihitaji nijitose katikati ya maadui. Nikasita. Askari wake akaanguka.

Mdogo wangu akacheka, akajifuta mafuta ya chipsi vidoleni. "Kaka," akasema, "wewe siku zote hukaa nyuma."

Alisema kwa utani, wala sidhani alikusudia zaidi ya lililokuwa kwenye kioo. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwa kuwa nilikumbuka mwaka 1998.

Mwaka huo baba yetu alifariki. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kuingia kidato cha tano, na mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Baada ya arobaini wazee walikaa kikao, wakahesabu kilichopo, wakaona kinatosha ada ya mmoja. Kabla hawajamaliza, mdogo wangu akasema atakwenda kumsaidia mjomba dukani. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Watu wote wakanitazama mimi, mkubwa wao. Ningeweza kusema neno. Ningeweza kuomba nipumzike mwaka mmoja ili kwanza amalize yeye. Nikainamisha kichwa, na kimya changu kikahesabiwa kuwa adabu. Fedha za duka, na baadaye za kibanda chake, ndizo zilizonifikisha chuoni.

Sisemi kwamba Mfufua Wafu ni mhusika mbaya. Wapo watu ambao kazi yao ni kupanga na kuongoza kutoka nyuma, na wanahitajiwa. Lakini mifupa haichoki. Haina shule iliyoiacha.

Mwaka 2010 watengenezaji waliubadilisha mchezo. Ukisafisha pango la kwanza, mwanamke wa kambini aweza kukurudishia alama zako zote uzipange upya, mara moja kwa kila ngazi ya ugumu, nazo ni tatu. Wakati huo sote tulikuwa na familia na hatukucheza tena kama zamani. Hata hivyo nilimpelekea habari kibandani kwake, na nilipokwisha kuieleza, nikajikuta nimesema na lile la mwaka 1998. Nilimwomba radhi.

Nilitarajia aseme yamepita, maana ndivyo tusemavyo. Hakusema hivyo. Alipanga boksi la vipuri, akalipangua, akalipanga tena. Kisha akasema, "Nilikuwa napenda sana hesabu, kaka." Miaka kumi na miwili nilikuwa sijapata kumsikia akilitaja jambo hilo.

Tukakubaliana. Yeye akajiandikisha masomo ya jioni, na mimi nikitoka kazini nilikwenda kusimama kibandani. Nilitukanwa na wateja, nikalaghaiwa bei, nikajifunza jina la kila kipuri. Mwaka 2013 alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu alifaulu. Kiingereza kilimshinda, na bado hatujaacha kumtania.

Miaka yake haikurudi. Katika maisha hakuna mwanamke wa kambini wa kuturudishia alama zetu. Lililowezekana lilikuwa ni kubadilishana mahali pa kusimama kwa muda, tena kwa kuchelewa.

Mwaka 2021 mchezo ule ulitolewa upya kwa picha nzuri zaidi, na mtoto wa mdogo wangu akaupata. Siku moja aliniuliza, "Baba mkubwa, wewe unampenda nani?"

Nikamwambia ukweli: Mfufua Wafu, mpaka leo. Akashangaa kama alivyoshangaa bibi yake. Akaniuliza ni kwa nini nisiwe Mbabe. Nikamjibu kwamba mimi ni mwoga, na mwoga akijijua huweza kutumwa mbele siku moja moja. Kisha nikamwuliza yeye amemchagua nani.

"Bado nafikiri," akasema.

Nikamwacha afikiri.