Mlango wa Masaka

Mimi ni mwandika mabango hapa Mazwi. Mwaka mzima naandika majina ya maduka, bei za mashine za kusaga na vibao vya shule. Picha huagizwa mara chache, na wengi hutaka simba au Mlima Kilimanjaro. Ya vita nimechora moja tu, na ndiyo iliyonifundisha kazi.

Aliyeiagiza ni mzee wa mtaani kwetu aliyekwenda Uganda na jeshi letu mwaka 1979, kijana mbichi. "Fundi, nichoree Kyaka ya wakati ule, niitundike sebuleni." Nilikubali palepale. Habari za Kagera tulifundishwa shuleni: jeshi la Idi Amin lilivamia mwisho wa Oktoba 1978, likaua raia, likapora mifugo na mali, na tarehe 3 Novemba likalipua daraja la Kyaka. Magofu ya kanisa la hapo yamesimama mpaka leo. Nikachukua plaibodi, nikaipiga msasa, nikaipaka nyeupe mikono miwili, nikaanza na moto. Kopo zima la rangi nyekundu liliishia hapo.

Mzee alipokuja nilimwamkia, akaitikia huku macho yake yako kwenye ubao. Alikaa muda mrefu kwenye benchi, kajifunika koti, maana ilikuwa Juni na upepo wa Ufipa mnaujua.

"Mwanangu, moto haukai. Sisi tulikuta majivu na milango."

Akanieleza mlango mmoja. Fremu imesimama wima, mbao zimepakwa bluu, kufuli limefungwa, na ufunguo bila shaka mwenyewe kaondoka nao. Kulia hakuna ukuta, kushoto hakuna ukuta. Ng'ambo ya mlango ni matofali na karai la kuoshea vyombo.

Usiku ule nilitoa picha ya Guernica niliyoikata zamani kwenye kitabu. Mji huo wa Wabaski, huko Hispania, ulipigwa mabomu na ndege za Ujerumani na Italia tarehe 26 Aprili 1937, Jumatatu, siku ya gulio. Pablo Picasso alikuwa Paris, habari akazipata magazetini, akalichora shambulio hilo, na kufikia Juni kazi ilikuwa imekwisha: mita 3.49 kwenda juu, 7.77 kwenda pembeni. Kwa kipimo chetu mafundi, unga plaibodi tisa za futi nne kwa nane, safu tatu za tatu tatu, na upana bado utapungua. Eneo lote hilo ni nyeusi, nyeupe na kijivu. Nilitafuta ndege, sikuona hata moja. Kuna farasi anayelia, mama aliyepakata mtoto aliyekufa, mkono ulioshika taa. Moto umewekwa pembeni, ndimi chache zenye ncha kama meno ya msumeno. Yule bwana alijua jambo ambalo mzee wangu alilijua bila kushika brashi: mji uliobomolewa unauona kwenye kitu ambacho mtu alikishika asubuhi ile.

Nikafuta moto wangu wote. Nikachanganya kijivu, nikachora matofali na karai, na bluu nikaiweka mlangoni tu. Kufuli lilinichukua siku nzima. Nilitaka mtazamaji aone kwamba limefungwa.

Ilibaki kuandika. Nawaheshimu sana wachoraji wanaoandika juu ya picha zao, na mkubwa wao kwangu ni Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, Kongo. Miaka ya 1970 alichora historia ya nchi yake kwenye vitambaa vya magunia ya unga, na picha 101 kati ya hizo alimchorea msomi Johannes Fabian, wakizizungumzia kwa Kiswahili cha Katanga. Kwake picha na maneno ni ushahidi mmoja. Basi nikachovya brashi niandike KYAKA 1978.

Mzee akanishika mkono.

"Andika Masaka. Mlango ule ulikuwa Masaka."

Jeshi letu liliingia Masaka, nchini Uganda, tarehe 24 Februari 1979. Majengo mengi yalilipuliwa kulipiza kisasi cha Kagera, na Mbarara nayo ikapata yake. Mwalimu Nyerere alishtushwa na habari hizo, akaagiza raia wa Uganda na mali zao wasidhuriwe tena. Nilimuuliza mzee kwa nini basi aliagiza Kyaka. Akasema Kyaka ndiyo picha ambayo mtu anaweza kuitundika wageni wakaitazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tulibomoa sisi, mwanangu."

Niliandika MASAKA 1979. Aliilipia yote, akaibeba mwenyewe, akaitundika sebuleni. Nimekwenda, nimeiona.

Mchoro mwingine wa Masaka ile, uliochorwa na Mtanzania, sijauona. Wanyama tunachora, ngoma tunachora, ushindi tunauandika. Naona ni deni, na wanaoweza kutusaidia kulilipa wanazidi kupungua kila mwaka.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa Ufipa mliofika Kyaka, Masaka au Mbarara, njooni kibandani kwangu Mazwi. Niambieni milango ilikuwa ya rangi gani na nini kilikuwa ndani. Sitawatoza kitu. Plaibodi na rangi nitatoa mimi.