Kula Kolwezi kwa Franka Kidogo



Mtihani wa Serikali ukiisha, wengi kati yetu sisi wa mwaka wa sita tutapanda gari la moshi ao kamio kwenda Kolwezi. Mmoja atatafuta nafasi ku iniversite, mwingine atafuata kazi, mwingine ameitwa na mjomba wake. Pa kulala patapatikana, maana ni nani hapa Mutshatsha asiye na ndugu Kolwezi? Lakini mchana, wakati wenye nyumba wamekwenda kazini na mlango umefungwa, utakula wapi? Juu ya neno hilo tumeona vema kuandika, kwa kuwa njaa imerudisha vijana wengi huku mbele ya kupata kile walichokwenda kutafuta.

Tuanze na kujua mji wenyewe. Kolwezi ni mji wa shaba, si mji wa mashamba. Union Minière iliuanza mwaka wa 1937, na wafanyakazi wake walipewa posho: unga, maharagi, mafuta, samaki wakavu. Tangu 1967 migodi ikawa mikononi mwa Gécamines, nayo ikaendelea kuwapa watu wake unga. Ndiyo maana wazee walizoea kusema: "Kazi njo baba, njo mama." Kisha baba huyo akaugua. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka chini ya udongo. Mwaka wa 2003 ukaanza mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines katika Katanga wakaacha kazi. Katika nyumba nyingi baba alibaki ameketi, na mama akatoa sufuria inje, akapikia wapita njia. Hiyo njo malewa. Haikuanza kwa kutaka utajiri, ilianza juu watoto walikuwa wanalia.

Leo makampuni mapya yamejaa, dola inatembea mjini, na bei inaifuata. Unga mwingi unatoka Zambia kwa malori, kupitia Kasumbalesa. Mpaka ukifungwa, bukari inakuwa ndogo katika sahani. Kwa hiyo mwenye franka kidogo anapashwa kuwa na akili. Haya ndiyo mashauri yetu.

Kwanza: fuata wale wanaofanya kazi ya mikono. Washofere, wabeba mizigo wa soko, wachimbaji, mafundi wa kinga. Hao hawana franka ya kutupa, tena hawawezi kuinua gunia na tumbo tupu. Pale wanapoketi kila siku, ikiwa ni Manika ao Dilala, ujue chakula ni kingi na ni kitamu. Usidanganywe na muziki na viti vizuri. Hivyo vyote utavilipa wewe, na haviingie tumboni.

Pili: angalia masufuria. Mama mwenye sufuria mbili ao tatu anapika kile kinachoisha siku ileile. Ukisikia kila kitu kiko, nyama iko, kuku iko, samaki iko, na moto hauonekani, ujiulize vimepikwa siku gani.

Tatu: angalia maji. Kolera si mgeni katika Lualaba, nayo inapita katika maji machafu na mikono isiyonawa. Mama anayeweka beseni na sabuni, anayekuletea bukari inayotoa moshi na mchuzi unaochemka bado, huyo anakupenda. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa. Kama hayakuchemshwa, vumilia kiu mpaka nyumbani.

Ine: jua saa. Sombe haiharakishwe. Majani ya mihogo yakiwa mabichi yana sumu ndani. Yanapashwa kutwangwa vizuri na kuchemka sana. Asubuhi tafuta mikate ya mafuta na uji. Sombe uingoje saa sita, wakati imekwisha kuiva kwa haki.

Tano: uliza bei mbele ya kuketi. "Mama, bukari na matebura ni franka ngapi?" Hapana haya katika ulizo hilo. Tena ujue kwa nini kitu ni bei. Wengi wanafikiri maharagi ni chakula cha maskini, lakini maharagi yanakaa sana motoni, yanakula makala, na makala ni bei. Sisi wenyewe tunaona magunia ya makala yakitoka huku kwetu kwenda mjini. Matebura na lengalenga yanaiva upesi, ndakala vilevile, kwa hiyo mama anaweza kukushushia. Samaki wa Nzilo ni watamu sana. Siku franka haifiki, omba mchuzi wao tu juu ya majani. Wamama wengi hawakatae.

Jambo lingine litawashangaza wale ambao hawajatoka. Ku Kolwezi bukari ya kila siku ni ya mahindi. Desturi ile ilikua pamoja na posho ya kampuni. Sisi huku, kwa Walunda na Watshokwe, tumezoea bukari ya mihogo. Lakini wako wamama wanaochanganya unga wa namna mbili, na bukari yao inashika tumbo mpaka jua linaingia. Uliza tu. Ukisalimia kwa luga ya kwenu, pengine kijiko kitaongezeka.

Sasa tuseme neno lililo zito. Kuna wanafunzi wanaoona haya kuketi ku malewa. Wenzao wakipita wanageuza uso, kama vile wameiba. Wengine ni wabaya zaidi: wanakula kwa deni siku tatu, siku ya ine wanabadilisha njia. Tufikiri pamoja, ndugu. Shule ya msingi ya Serikali ni bure tangu mwaka wa 2019, lakini sisi wa sekondari tunalipa bado. Ni nani analipa? Tuhesabu benchi kwa benchi, tutaona wenzetu wengi ambao masomo yao yametoka katika mikate, katika bukari, katika samaki wa kukaanga. Anayechekelea mama wa malewa anachekelea kalamu anayoandika nayo.

Mama huyo hana benki. Franka za mchana huu ndizo zinazonunua unga wa kesho. Watu watano wakikimbia na deni, kesho moto hauwake, na mtoto wake anafukuzwa darasani juu ya minervale. Na ile bei ndogo tunayoifurahia, mji haukutupatia bure. Yeye ameamka usiku, ameteka maji, ametwanga, amepuliza moto, na mikono yake mwenyewe hakuihesabu katika bei. Biblia inasema mfanyakazi anastahili mshahara wake. Haikusema isipokuwa yule anayepika.

Tukumbuke tena Yoane 21. Bwana wetu, akiisha kufufuka, alingoja wanafunzi wake pembeni ya ziwa na samaki juu ya makaa, akawaita waje kula. Kama Bwana hakuona haya kupika, sisi ni nani kuona haya kula?

Basi uchague malewa moja, urudi palepale. Salimia kwanza, lipa kila siku, rudisha sahani mwenyewe. Siku umekosa, sema kweli mbele ya kula: "Mama, leo sina. Nikuchotee maji?" Pengine utasikia: "Mutoto, kula kwanza." Ukiisha kula, ndoo ile uichote kweli, na deni ulilipe siku umepata. Kijana anayejulikana hivyo kwa mama mmoja, Kolwezi haitamuua na njaa.

Na ninyi mtakaotangulia, mutuandikie: malewa gani, karibu na nini, bei ngapi, maji namna gani. Tutayaweka katika gazeti letu, ili wa mwaka kesho wasianze mji na tumbo tupu.