Songea: Kamera kubwa haipo dukani, picha zake zipo

Mzazi anayezunguka studio za Songea akiulizia ile kamera ya miguu mitatu, ambayo mpigapicha alijifunika kitambaa cheusi, asishangae akiambiwa ajaribu Dar es Salaam. Studio nyingi sasa zinaishi kwa pasipoti, kopi na laminesheni.

Asirudi mikono mitupu. Apande bodaboda hadi Mahenge, awapeleke watoto Makumbusho ya Majimaji, walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kamera kubwa za zama zile zilinasa picha kwenye vioo, tena vipana, ndiyo maana uso wa mtu mmoja katika kundi bado unasomeka. Watoto waliozoea simu huuliza mbona hakuna anayetabasamu. Kwa waliofungwa minyororo, mtoto mkubwa ataelewa mwenyewe.

Nyumbani nako kuna kazi. Kama bibi ana negativu kwenye bahasha, zisitupwe. Washa simu ionyeshe ukurasa mweupe, shika negativu pembeni kwa mikono mikavu, iinue kidogo juu ya kioo, piga kwa simu ya pili, kisha geuza rangi kwa programu ya kuhariri. Picha iliyoganda kwenye fremu usiibandue. Ipige hapo hapo ilipo. Na bibi angali anakumbuka majina, yaandikwe nyuma ya nakala, kwa penseli.