Sufu katika Nchi ya Joto

Msomaji, nikikuambia kwamba katika Tezo, mahali pa minazi na mikorosho kaskazini ya mji wa Kilifi, kando ya barabara iendayo Malindi, yuko mwanamke afumaye glavu za sufu, yamkini utacheka. Cheka, lakini usiende zako. Majirani zake walicheka kabla yako. Mchana wa Februari jasho humtiririka hata mtu aliyeketi kivulini. Nani basi ahitajiye mifuko ya mikono? Mwanamke huyo ni shangazi yangu, nami nimeitazama kazi yake miaka mingi.

Kwanza tutenge maneno mawili yafananayo. Sufi ni pamba ya mti wa msufi, tuijazayo katika mito ya kulalia. Nyuzi zake ni fupi tena telezi, hazisokoteki vizuri. Sufu ni manyoya ya kondoo. Unyoya wa kondoo umejikunja, na katika mikunjo yake hushika hewa. Hewa iliyotulia ndiyo izuiayo joto lisitoroke. Glavu haina moto wake. Hulinda tu joto la mwenye mkono. Ndiyo sababu glavu iwekayo vidole vinne katika nyumba moja, na gumba katika chumba chake, huishinda ile ya vidole mbalimbali: vidole vilivyo pamoja hupashana joto. Lakini jihadhari, maana uzi mwingi uuzwao kwa jina la sufu haukumjua kondoo. Umetengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli. Shangazi huchoma ncha ya uzi. Ikinuka kama nywele zilizoungua na kuvunjika kuwa majivu, ni sufu. Ikiyeyuka na kuganda kama ushanga, hukunja uso, kisha hununua vivyo hivyo, kwa kuwa bei yake ni ndogo.

Jozi ya kwanza ilikwenda kwa ndugu yangu mkubwa, aliyekuwa bawabu wa usiku huko Limuru, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Aliandika kwamba mwezi wa Julai, alfajiri, vidole vyake havikuweza kugeuza ufunguo. Shangazi hajapata kufika mbali kupita Mariakani. Alifuma kwa ajili ya baridi aliyoisikia kwa masikio tu. Alianza na kiwiko cha mkono, vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, ili kivutike na kubana. Akatenga vitanzi vya gumba kwa pini, akamaliza kiganja, kisha akavirudia. Jozi ya pili aliifuma kwa ajili yake mwenyewe, na mpaka leo huipulia sufuria jikoni. Naona si matumizi mabaya: sufu haishiki moto upesi.

Usidhani glavu ni kitu kidogo kila mahali. Katika Latvia, nchi ya baridi kali, bibi harusi wa zamani alitazamiwa kuwa na kasha lililojaa glavu alizozifuma tangu usichana wake, naye aliwagawia jamaa za mume siku ya arusi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mpwa wetu mmoja alijifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto alikuwa na gramu 1,700. Shangazi alikuwa amekwisha kufuma jozi kumi na mbili za glavu ndogo mno, kazi ya masika yote, pamoja na kofia tatu na soksi, akitaka kuzitoa sadaka kwa watoto wa namna hiyo. Alizifunga katika leso, tukaenda hospitali.

Muuguzi alizipokea kwa heshima, akazitenga mafungu mawili.

“Mama, kofia na soksi nazishika kwa mikono miwili,” alisema. “Hizi glavu uwape waliotimia miezi yao. Wangu hawa hulala kifuani mwa mama zao.”

Shangazi hakujibu. Njiani aliniuliza, “Mwanangu, mkono wa mtoto hauoni baridi?”

Huona, tena hapa petu penye joto. Mtoto hutoka katika maji ya tumbo akiwa ameloa. Maji yakikauka huchukua joto lake, na aliyezaliwa mapema hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto la mtoto mchanga lapasa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5; upungufu mdogo tu waweza kumwua. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu amchukuavyo mwanawe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri jambo hilo lianze mara baada ya kuzaliwa. Mtoto huvikwa nepi, soksi na kofia, kwa kuwa kichwa chake ni kikubwa kwa kadiri ya mwili na hupoteza joto jingi. Mkono huachwa wazi ukiwa umelala juu ya mama, na ngozi ya mama ndiyo glavu yake.

Muuguzi alisema kweli, na huzuni ya shangazi nayo ilikuwa ya haki. Sioni kwamba moja yaifuta nyingine. Siku tatu hakuzigusa sindano. Siku ya nne nilimkuta barazani akizifumua zile glavu. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizosukuliwa. Akauloweka, akauning'iniza kwenye mti wa mkorosho na jiwe chini yake ili unyoke. Jozi mbili zilitoa kofia moja. Kwa kipimo cha kichwa alichagua nazi ndogo kabisa iliyofuliwa, akawa akiivika kila kofia kabla ya kufunga uzi, na watoto wa jirani wakakatazwa kuikuna nazi ile.