Kwa Pikipiki Hadi Kisoro

Askari akaribiapo kustaafu huhesabu vitu viwili: siku zilizosalia na fedha atakazopewa. Mimi nimebakiza mwaka mmoja katika kazi ya polisi. Mama yangu mzazi anaishi kwenye vilima juu ya mji wa Kisoro, karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Nyumba yangu nayo ingali yangoja mabati. Katika hali hiyo nilijiuliza: je, pikipiki ya kadiri, isiyo ndogo kama za bodaboda wala kubwa kama za matajiri, yaweza kunipeleka kwa mama kila mwezi pasipo kunifilisi?

Mwenzangu kazini aliniazima yake kwa siku nne. Ni Royal Enfield Himalayan, yenye injini ya sentimita 411 za mchemraba. Jina la Royal Enfield si geni kwa watu wa silaha. Kampuni hiyo ilianza kuunda pikipiki huko Redditch, Uingereza, mwaka 1901. Baada ya India kupata uhuru, jeshi lake lilichagua zile za aina ya Bullet kwa doria za mipakani, na mwaka 1955 kiwanda kikaanzishwa Madras, mji uitwao sasa Chennai. Himalayan ilitokea mwaka 2016. Mwishoni mwa mwaka 2023 ikafuata mpya ya sentimita 452, inayopozwa kwa maji na yenye nguvu zaidi. Kwa mwenye mfuko mwembamba, ile ya awali iliyokwisha kutumika ndiyo ya kutazamwa.

Alfajiri ya safari, mke wangu aliizunguka mara mbili, kisha akauliza swali moja tu: “Baba watoto, chombo hiki kikianguka huko njiani, nani atakuinulia?” Nikacheka. Sikuwa na jibu.

Barabara ya Masaka ilikuwa na malori mengi. Nilivuka mstari wa ikweta pale Kayabwe jua likichomoza. Injini ina nguvu za farasi 24 na nusu tu, na gea tano. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa ilinguruma kwa utulivu, mikono isife ganzi. Atakaye kuyapita magari kwa ghafula atafute chombo kingine. Hapa ni lazima kupima nafasi mapema na kuwa na subira. Kuanzia Lyantonde, penye ng’ombe wa pembe ndefu, hadi Mbarara, nilikaa vema. Kiti kina kimo cha sentimita 80, hivyo hata mtu asiye mrefu huikanyaga ardhi kwa miguu yote miwili.

Tangi huchukua lita 15, na kila lita ilinipeleka kilomita 30 hivi. Nilijaza Kampala, nikaongeza kidogo Kabale. Gurudumu la mbele, la inchi 21, huvuka mashimo bila kuyumba. Magurudumu yana spoki na mipira ya ndani, na hilo ni jambo kubwa: ukipata pancha, fundi yeyote wa kando ya barabara ataiziba kwa kiraka.

Baada ya Kabale nchi hubadilika. Barabara ya lami hujipinda juu ya vilima vilivyolimwa kwa ngazi, huupita msitu wa Echuya wenye mianzi, kisha pale Kanaba bonde lote la Kisoro hufunguka mbele yako, na nyuma yake milima ya Muhabura, Gahinga na Sabinyo. Muhabura una kimo cha mita 4,127. Nilizima injini nikasimama kitambo. Miaka mingi nimepita hapo ndani ya basi, nimesinzia.

Swali la mke wangu lilijibiwa jioni ile. Njia ya kupanda nyumbani ni ya udongo, na mvua ilikuwa imenyesha. Nikienda polepole kama mtu atembeaye, gurudumu la nyuma liliteleza, chombo kikalala ubavu. Sikuumia, ila nilipojaribu kukiinua hakikusogea. Tangi likijaa, uzito wake hukaribia kilo 200, nami nilikuwa nimefunga juu yake sukari, sabuni na blanketi za mama. Vijana wawili waliobeba viazi waliweka magunia chini. “Pole, mzee. Shusha mizigo kwanza,” akasema mmoja. Tulishusha, tukainua.

Kesho yake, juu ya majani ya uani, nilijifunza. Injini huzimwa, petroli ikifungika. Gea huingizwa ili magurudumu yasibingirike. Kisha mtu huipa pikipiki mgongo, huchuchumaa, hushika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, na kurudi kinyumenyume kwa hatua fupi. Nguvu hutoka miguuni, si kiunoni. Mara ya tatu nilifaulu, mama akitazama na kutikisa kichwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa barabara za nchi yetu, kwa mtu asiye na haraka, chombo hiki chafaa: chanywa kidogo, chakaa vema, chakubali njia mbaya. Lakini anayekwenda kukinunua asiishie kuinguruma injini. Atazame mnyororo, spoki na breki; aulize vipuri vyapatikana wapi; kisha akilaze chini juu ya majani, kwa idhini ya mwenyewe, na akiinue peke yake. Akishindwa, atafute kilicho chepesi. Hakuna aibu.

Niliporudi Kampala nilimweleza mke wangu yote. Alisikiliza, akanimiminia chai, kisha akauliza la pili: “Na mabati?”

Tumeafikiana. Mabati kwanza. Mama nitamfikia kwa basi hadi fedha itakapobaki, ila safari hizo sitasinzia Kanaba.