Makelele ya Wazungu na Kaseti ya Yaya

Najua wengine wenu mtauliza: mwalimu, katika kitabu cha mila na desturi unatuletea muziki wa vijana wa Marekani wenye nywele chafu? Hata mwenzangu mmoja alicheka nilipomwambia habari nitakayoandika. Lakini mila si kutawaza mfalme na kusuka vikapu tu. Kuna pia ile desturi ya kumchungia mwenzako kitu chake mpaka arudi, na juu ya desturi hiyo mimi nina deni. Mniruhusu nieleze.

Nilizaliwa Likasi mwaka 1979. Baba alikuwa fundi katika kampuni ya shaba, tukakaa katika zile nyumba za wafanyakazi zilizofanana zote, hata mlevi alikuwa anakosea mlango. Nyumba ya pili ilikuwa ya familia kutoka Kasai. Baba yao na baba yangu walikuwa kikosi kimoja cha kazi, mama zetu walikopeshana unga na makala. Kijana wao mkubwa nitamwita Yaya tu, vile tulikuwa tunamwita, maana kwetu kijana mkubwa wa jirani ni yaya wa watoto wote.

Yaya alikuwa na mjomba dereva, mwenye kupitia Kasumbalesa kwenda Ndola na Kitwe. Upande ule wa Zambia watu hawakuogopa magitaa ya kukwaruza. Miaka ya 1970 bendi kama WITCH na Amanaz zilipiga roki yao wenyewe palepale Kitwe. Basi siku moja ya mwaka 1992 mjomba akamletea Yaya kaseti. Ilikuwa kopi ya kopi, imeandikwa kwa biki ya bluu: «Nirivana».

Kwao redio ya kaseti haikuwako. Kwetu ilikuwako. Kila jioni kura ikiwako, Yaya alikuja na kaseti mfukoni, akamsalimia baba kwa mikono miwili, akakaa kwenye baraza. Muziki ulianza taratibu, gitaa peke yake, kisha ngoma zikaingia kama mtu anayevunja mlango, na mwimbaji akaanza kulia. Baba alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akatoka na shati nusu:

– Weye mutoto, huyu mutu banamuchinja?

Tulicheka mpaka machozi. Sisi vijana wadogo tulitaka Pepe Kalle, Koffi, Wenge, muziki ambao mtu anacheza. Ule wa Yaya ulitushinda. Yeye hakukasirika. Alipunguza sauti tu, akaniambia:

– Sikia muzuri, mudogo yangu. Chini ya ile makelele kuko wimbo.

Sikusikia wimbo wowote. Kingereza sikukijua, na makelele ya kweli yalikuwa yametujaa masikio. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka, na kazi ya shaba ikaanza kufa. Kabla ya hapo Katanga ilitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Mishahara ikachelewa, halafu ikapotea. Septemba 1991 askari wa Kinshasa waliasi na kuanza kupora, tarehe 23, na mwezi uliofuata uporaji ukafika kwetu Katanga. Baadaye sana nilisoma kwamba kaseti ya Yaya, jina lake la kweli Nevermind, ilitoka Marekani tarehe 24 Septemba 1991. Siku moja tu baadaye! Kule vijana walikuwa wananunua muziki kwenye maduka, huku maduka yalikuwa yanabebwa kichwani.

Sasa nafika kwenye sehemu nisiyopenda kuandika.

Mwaka 1992 ndipo watu wa Kasai walianza kufukuzwa Likasi. Wazee mnakumbuka, vijana someni. Waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa, waliambiwa warudi kwao, na wengi wao hicho «kwao» hawakuwahi kukiona. Usiku tulisikia mawe juu ya mabati ya nyumba ya pili. Sisi tuliitwa wenye inchi, kwa hiyo mabati yetu yalipona. Baba alizima taa na kutuambia tulale. Hakwenda kupiga mawe, namshukuru kwa hiyo. Lakini hakutoka pia kusema neno, na yule jirani alikuwa amefanya naye kazi miaka kumi na minne.

Wakakimbilia stesheni ya treni, maelfu ya watu, wakingoja behewa la kuwapeleka Kamina na mbele mpaka Mwene-Ditu. Walingoja wiki, wengine miezi, chini ya mabashi ya plastiki, wakati wa mvua. Watoto walikufa pale. Mama alikuwa ananituma jioni na bukari na sombe ndani ya kitambaa, akisema baba asijue. Nadhani baba alijua, maana sufuria lilikuwa linapungua na yeye hakuuliza.

Mara ya mwisho nilimkuta Yaya amekaa juu ya sanduku, amekonda. Hakuzungumza mengi. Alitoa kaseti ndani ya soksi.

– Huku nitaipoteza. Unichungie. Nitakuya kuikamata.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nikasema ndiyo.

Ndugu wasomaji, wenye umri wangu mnakumbuka kaseti. Ukivunja vile vimeno viwili vya juu, haiwezi kurekodiwa tena. Ukivifunika kwa karatasi na gundi, inawezekana. Yaya alikuwa amevunja vimeno vyote viwili. Mimi nilifunika kimoja. Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1994, tarehe 3 Aprili, kwaya ya parokia ilikuwa inaimba nyimbo mpya, na kaseti tupu hatukuweza kununua. Nikajiambia: ni makelele tu, na ataridhika na upande mmoja. Hivyo upande wa A ukawa kwaya. Hata si kwaya nzuri, wenye sauti ya tatu walikuwa wanateleza.

Siku mbili baadaye, tarehe 5 Aprili, yule mwimbaji, Kurt Cobain, alijiua nyumbani kwake Seattle. Alikuwa na miaka 27. Habari hiyo haikutufikia. Wiki ile redio zilianza kusema juu ya Kigali tu, na kwa haki.

Miaka ikapita. Nilikwenda Lubumbashi kusoma ISP, idara ya Kingereza, nikapata diploma, nikaanza kufundisha. Kaseti ilikaa ndani ya kopo la maziwa pamoja na vyeti vyangu vya ubatizo na vya shule. Sikuisikiliza. Si kwamba niliisahau.

Mwaka 2013 mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la tano alinifuata wakati wa mapumziko na telefoni.

– Monsieur, huyu mutu anasema nini? Tunamusikiliza siku zote, hatumuelewe.

Akaniwekea visikizio masikioni. Gitaa peke yake, taratibu. Kisha ngoma. Mguu wangu wenyewe ulijua mahali zitakapoingia. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimesimama katika kiwanja cha shule na chaki mkononi, na macho yakanijaa maji. Kijana aliogopa, akadhani simu yake imenichoma.

Nilimwomba anipe albamu yote kwenye kadi ya memori. Usiku ule niliisikiliza nyimbo kumi na mbili kwa mpango wake, mara mbili. Yaya alikuwa na haki. Chini ya makelele kuko wimbo, na wimbo wenyewe ni mwepisi, mtoto anaweza kuupiga mluzi. Sauti inakaa chini wakati wa ubeti, halafu inalipuka kwenye kiitikio. Cobain mwenyewe alisema ujanja huo aliutoa kwa bendi ya Pixies ya Boston. Mimi nilikuwa nimeusikia mahali pengine kabla yake: katika kilio. Shangazi anaanza chini chini, karibu anaongea, anataja mambo madogo ya marehemu, sufuria yake, kofia yake. Kisha jina linatoka na nyumba nzima inalipuka. Hakuna anayesema kwenye kilio kwamba ni makelele. Baba, ambaye alilia hivyo kwenye matanga ya mama yake, hakuitambua sauti hiyo kwa sababu ilitoka kwa mzungu na ilipita kwenye umeme.

Nikaanza kutafuta habari, vile mwalimu anavyofanya. Cobain alizaliwa mwaka 1967 na kukulia Aberdeen, mji mdogo wa mbao katika jimbo la Washington. Mbao ilipoanguka, mji ukaanguka. Watu wa Likasi hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Wazazi wake waliachana alipokuwa na miaka kama tisa, akazunguka kwenye nyumba za ndugu, na kwa wakati fulani akafagia shuleni. Albamu waliirekodi mwaka 1991 huko California, watu watatu tu: yeye, Krist Novoselic na Dave Grohl, pamoja na Butch Vig aliyesimamia sauti. Kampuni haikutegemea mengi, kwanza ilitoa nakala kama 46,000 kwa Marekani yote. Januari 1992 albamu ikamwondoa Michael Jackson kwenye nafasi ya kwanza. Leo wanahesabu zaidi ya nakala milioni 30 duniani. Na jambo lililonichekesha: Cobain baadaye alilalamika kwamba sauti ya albamu ilisafishwa kupita kiasi. Kile baba alichosikia kama mtu anachinjwa, mwenyewe alikiona kimepakwa poda!

Maneno yake hata wenye Kingereza chao hayawapiti vizuri. Mwaka 1992 mchekeshaji wao Weird Al Yankovic alitunga wimbo mzima kuwacheka kwa hilo. Lakini maneno yapo. Kuna wimbo mmoja wa gitaa kavu ambao msichana ametekwa na mwanaume, na anayesema ni yule mtekaji. Ulitokana na jambo la kweli lililotokea Tacoma mwaka 1987. Nilipoufafanua darasani, wavulana waliokuwa wanatikisa kichwa waliacha, na wasichana hawakunyanyua macho. Nikawaambia pia kwamba mtunzi mwenyewe aliumia sana kusikia kuna wanaume waliombaka mwanamke huku wakiimba wimbo huo, na akaandika hivyo hadharani. Tangu siku ile hakuna mwanafunzi wangu anayeniletea wimbo bila kusoma maneno kwanza.

Nilimpelekea baba pia, kabla hajafariki. Sikuanza na Nevermind, nilikuwa na akili. Nilimwekea nyimbo alizopiga Cobain mbele ya watu New York mnamo Novemba 1993, bila gitaa la umeme, ambapo alimaliza na wimbo wa zamani wa huzuni aliojifunza kwa rekodi za Lead Belly, mwimbaji Mwafrika wa Marekani aliyekufa mwaka 1949. Hata Lead Belly hakuutunga, ulikuwa wa watu, kama nyimbo zetu za jando na za shamba. Baba alisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye sikio. Akasema: «Huyu alisikia wazee.» Halafu akanieleza kwamba baba yake yeye alikuwa anamfukuza kwenye uwanja kila alipompata akimsikiliza Mwenda Jean Bosco, yule Mwenda ambaye Hugh Tracey alimrekodi hapa hapa Likasi mwaka 1952, wakati mji uliitwa Jadotville. Babu alisema gitaa ni kazi ya wavivu na vidole viwili havipigi ngoma. Leo Mwenda ndiye mila yetu, na tunamwandika katika vijitabu kama hiki.

Nilitaka kumuuliza juu ya ule usiku wa mawe. Sikumuuliza.

Upande wa B wa kaseti niliusikiliza mwaka uliofuata, nilipopata redio ya kuazima kwa fundi. Utepe umechoka, sauti inayumbayumba, lakini zote sita zipo. Ya mwisho ni ya kunong'ona. Wanasema Cobain aliiimba amelala kwenye kiti kirefu, Butch Vig akafunga mpaka simu na mashine ya hewa ili apate ile sauti ndogo, na gitaa lilikuwa kuukuu lenye nyuzi tano. Inaeleza mtu asiye na nyumba, anayekaa chini ya daraja, mvua inamfikia. Yaya aliujua wimbo huo kwa moyo kabla hajakaa chini ya bashi pale stesheni. Kama alielewa maneno, sijui. Kingereza chake kilikuwa cha Kasumbalesa.

Nimeuliza habari zake kwa madereva, kwa mapadre, kwa wanafunzi wenye ndugu Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi. Mmoja aliniambia familia yenye jina lile ilifika. Mwingine aliniambia hapana.

Kimeno cha upande wa A nimekiondolea karatasi, ingawa hakuna faida tena. Kaseti iko ndani ya kopo lile lile. Nimenunua pia diski ya albamu nzima, nimeiweka pembeni yake, juu ya zile nyimbo sita nilizofuta. Kama kijitabu hiki kitamfikia mtu aliyekaa katika nyumba za wafanyakazi Likasi, aliyekuwa na mjomba dereva na biki ya bluu, aje wakati wowote. Redio nimeitengeneza.